Sura ya Sita: Chini Safi, Juu Mkwaruzo

Kariandusi iko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil na Ziwa Elmenteita likianza kuonekana bondeni. Mwaka 1928 msafara wa Louis Leakey uliyakuta hapo mashoka ya mawe ya watu wa kale sana. Mengi yalichongwa kwa mawe ya lava, na mengine kwa obsidiani, kile kioo cheusi kinachozaliwa na volkano. Jirani na makumbusho kuna machimbo ya daiatomaiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na maganda ya viumbe vidogo mno walioishi katika ziwa la zamani. Kwa macho, kioo cheusi na udongo mweupe havina undugu wowote. Kwa kemia ni vya ukoo mmoja: vyote viwili vimejaa silika, yaani silikoni iliyoshikana na oksijeni.

Naanzia hapa kwa sababu sura hii inahusu kipande kidogo cha silikoni. Silikoni ya viwandani haitoki Kariandusi. Huchukuliwa kwenye mawe ya kwatzi, husafishwa, kisha hutengenezewa diodi ambazo bei yake ni shilingi chache katika maduka ya vipuri ya Luthuli, Nairobi. Diodi mbili za namna hiyo, zikiwekwa kwa kupishana mwelekeo ndani ya kanyagio la gitaa, ndizo zinazotoa mkwaruzo ambao wanamuziki wanauita distosheni. Swali langu ni moja: kwa nini mkwaruzo huo umekuwa mgeni katika muziki wetu wa gitaa, na tufanye nini ili ukae nasi bila kutuharibia tulicho nacho?

Tuanze na kazi ya diodi yenyewe. Gitaa likipigwa, umeme unaotoka kwenye waya wake hupanda na kushuka kufuata mtikisiko wa uzi. Kanyagio huukuza umeme huo mara kadhaa, pengine mamia ya mara, halafu diodi husimama pembeni kama mpaka. Diodi ya silikoni huanza kupitisha umeme unapofika takriban volti 0.6, ile ya jemaniamu, ya mtindo wa zamani, huanza mapema zaidi, karibu volti 0.3. Kilele cha wimbi kinachovuka kiwango hicho hukatwa. Wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo hubaki na mgongo bapa, na ubapa huo ndio unaozaa hamoniki, yaani sauti za ziada zilizo juu ya noti yenyewe. Sikio huzisikia kama ukali, joto au makwaruzo, kutegemea wingi wake.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Shida hujitokeza noti mbili zinapopita pamoja kwenye diodi zilezile, kwa kuwa hapo hutokea pia sauti ambazo hakuna aliyezipiga. Noti ya Hezi 440 na noti ya Hezi 659, ambazo ni A na E iliyo juu yake, zikikatwa pamoja hutoa, miongoni mwa mengine, tofauti yao: Hezi 219. Hiyo ni A ya oktava ya chini, imepungua kidogo tu, kwa hiyo sikio linaridhika. Wapiga gitaa wa roki walijenga nyumba nzima juu ya bahati hiyo. Ndiyo sababu kodi zao nyingi zenye distosheni, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, zina noti hizo mbili tu na marudio yake.

Sasa ondoa E, weka C kali, Hezi 554. Tofauti yake na A ni Hezi 114. A ya chini ni 110, na noti inayofuata ni 116.5. Hii 114 haina kwao. Imesimama katikati ya noti mbili na kuzitibua zote. Ongeza noti ya tatu na ya nne, mizimu ya namna hii inaongezeka, na kodi yote inageuka uji.

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki atatambua mara moja jambo lenyewe. Muziki wetu wa gitaa umesimama juu ya noti mbilimbili zinazotembea pamoja, moja ikiwa hatua ya tatu au ya sita juu ya mwenzake. Rumba ya Kongo inafanya hivyo, muziki wa dansi wa Tanzania unafanya hivyo, na benga inafanya hivyo. Katika benga aliyoieneza Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, gitaa la solo humjibu mwimbaji kwa noti kalikali zinazosikika moja moja, na gitaa la pili hujaza nafasi zilizobaki. Muziki huo ni wa mshono. Ukiupitisha wote kwenye distosheni, nyuzi zote zinafumuka. Waliokataa mkwaruzo walijua wanachokilinda, hata kama hawakuwa na hesabu za Hezi mkononi, na siwezi kukubaliana na wanaodai kuwa walikosa vifaa tu. Vifaa vilikuwepo. Miaka ya 1970 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilikuwa ikichanganya roki na midundo ya nyumbani, na Musi-O-Tunya, bendi ya Wazambia, ilikuja kurekodi Nairobi. Fazi, aina mojawapo ya distosheni, ilisikika vizuri mitaani kwetu. Iliyobaki kutawala kumbi za dansi ni sauti safi.

Gitaa la besi lina kesi yake, na ni nzito kuliko ya solo. Uzi mnene wa besi, E ya chini, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Makanyagio mengi ya distosheni yaliundwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, ambalo E yake ya chini ni Hezi 82, na wabunifu wake walijua kwamba sauti nzito ikikatwa hutoa mngurumo usio na umbo. Basi wakaipunguza kabla haijafika kwenye diodi. Katika Ibanez Tube Screamer, kanyagio la Kijapani la mwishoni mwa miaka ya 1970 lililonakiliwa kuliko karibu yote mengine, rezista na kapasita vimepangwa ili ukuzaji uanze kupungua chini ya Hezi 720 hivi. Kwa solo ni busara. Kwa mpiga besi, noti zake karibu zote ziko chini ya mstari huo. Anakanyaga, sauti inakuwa kali, na kitako cha wimbo kinapotea. Wachezaji hawajui kilichotokea, ila miguu yao inajua.

Kuna hasara ya pili. Diodi hukata kilele cha kila noti, iwe umeipiga kwa nguvu au kwa upole, na zote hutoka kwa ukubwa unaokaribiana. Besi ya benga huishi kwa tofauti hizo: noti moja inadunda, ya pili inaguswa tu, halafu kimya kidogo, halafu mruko. Ukisawazisha nguvu za noti, umeiondolea besi mwendo wake, na kilichobaki ni ngurumo inayopanda na kushuka.

Tiba ni kutoipeleka sauti yote kwenye diodi. Sauti ya gitaa inagawanywa njia mbili tangu mwanzo. Njia moja inapita safi, bila kuguswa. Ya pili inaingia kwenye distosheni. Mwishoni zinakutana tena, na nobu moja inaamua ni kiasi gani cha kila moja kitoke. Njia safi inabeba uzito na mdundo wa kidole. Njia chafu inabeba ukali. Msikilizaji anasikia chombo kimoja chenye mwili mkubwa.

Jambo hili ni la zamani karibu sawa na fazi yenyewe. Fazi ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Maestro FZ-1 ya mwaka 1962, ilitokana na hitilafu. Kabla yake, mjini Nashville, Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins, na transfoma ya miksa ya studio ikaharibika katikati ya kazi. Sauti ikatoka imechanika. Fundi mitambo Glenn Snoddy aliichunguza ile hitilafu, akatengeneza saketi ya kuiiga, na kampuni ya Gibson ikaiuza. Kwa hiyo mkwaruzo huu ulizaliwa kwenye besi, si kwenye solo, jambo ambalo wapiga besi wanapaswa kulikumbusha mara kwa mara. Mwaka 1965, katika wimbo Think for Yourself wa Beatles, Paul McCartney alirekodi besi mara mbili: moja safi, nyingine yenye fazi. Ile safi ilishika chini, ile chafu ikaimba juu yake. Hakuwa na nobu ya kuchanganya. Alikuwa na utepe wa studio. Miaka michache baadaye Chris Squire wa bendi ya Yes alitumia besi ya Rickenbacker yenye uwezo wa kutoa kila pikapu, yaani kinasa mtikisiko wa nyuzi, kwa waya wake, akaweza kuukwaruza upande mmoja na kuuacha mwingine safi.

Leo kazi hiyo inafanywa na sanduku linaloenea kiganjani. Boss ODB-3 ina nobu ya kupima safi na chafu. SansAmp ya besi kutoka Tech 21 inayo. Darkglass ya Ufini imejijengea jina kwa wapiga besi kwa makanyagio yenye nobu hiyo. Hata Tube Screamer niliyoilaumu inaficha siri: diodi zake zimewekwa katika njia ya marejeo ya opampu, chipu inayokuza umeme, na kwa mpangilio huo sauti iliyoingia hutoka kila mara ikiwa safi, ile iliyokatwa ikiongezwa juu yake. Ndiyo maana mkono wa mpigaji husikika ndani yake kuliko ndani ya kanyagio linalokata kila kitu. Klon Centaur, aliyoiuza Bill Finnegan kuanzia mwaka 1994, ililifanya jambo hilo waziwazi: nobu yake ya ukali ni mbili kwenye mhimili mmoja, ukiongeza uchafu inapunguza usafi. Zilitengenezwa takriban 8,000 tu, na sasa zinauzwa kwa maelfu ya dola. Sioni sababu ya mpigaji wa Gilgil kuzililia. Wazo la kuchanganya safi na chafu ni la bure, na nakala nzuri zinapatikana kwa bei ya kawaida.

Wazo hilo si geni kwetu hata kidogo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami.

Chukua endongo ya Baganda, kinubi chenye bakuli lililofunikwa ngozi ya kenge. Nyuzi zake zimepangwa karibu sana na ngozi, kiasi kwamba zikitikisika zinaigusa. Kila noti inatoka na kivumi chake. Noti unaisikia wazi, na juu yake kuna mkwaruzo unaoipa sura. Chukua ilimba ya Wagogo, aliyoifikisha Hukwe Zawose wa Bagamoyo kwenye majukwaa ya dunia: kwenye ubao wake huwa kuna tundu lililozibwa utando wa buibui, na utando huo huvuma kila kibao kinapobonyezwa. Chukua begena ya Ethiopia, ambayo kila uzi wake una kipande cha ngozi kati yake na daraja. Mpigaji hukisogeza kipande hicho kidogo kidogo mpaka mvumo umridhishe. Huyo anazungusha nobu ya kuchanganya, na begena imekuwepo kwa karne nyingi kabla ya transista.

Katika vyombo vyote hivi, mtikisiko umegawanyika. Sehemu inapita safi hadi kwenye mwili wa chombo, sehemu inagongana na ngozi au utando, na sikio linapokea zote kwa pamoja. Hakuna fundi wa endongo aliyetaka kivumi kiimeze noti. Wala hakuna aliyetaka noti isiyo na kivumi. Hiyo kwake ni noti iliyo uchi.

Mfano wa umeme nao tunao. Konono N°1 ya Kinshasa, chini ya mzee Mingiedi Mawangu, ilipiga likembe, ndugu za ilimba, zilizokuzwa kwa maikrofoni za kujitengenezea, zenye sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari makuukuu. Ampu zilizidiwa, sauti ikachanika, na wao wakaikumbatia. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 iliwashangaza wapenzi wa muziki wa elektroniki Ulaya. Isikilize tena ukiwa na sura hii mkononi: pamoja na mchaniko wote, kila noti ya likembe bado ina mwanzo wake mkali, ule wa chuma kuachiwa na kidole gumba, na likembe ya besi chini yake inatembea bila kuyumba. Nairobi nayo ilipata Duma, kundi la wawili lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wao waliuchukua mkwaruzo mpaka mwisho wake. Hiyo ni njia nyingine, nami naiheshimu. Mpigaji anayetaka watu wacheze atahitaji ile ya Konono.

Sasa ufundi, maana hapa wengi hukwama. Kikwazo kikubwa ni mawimbi kupingana. Baadhi ya makanyagio hugeuza wimbi juu chini: linapopaswa kupanda, linashuka. Ukilisikiliza peke yake hutambui chochote. Lichanganye na njia safi na mawili hayo yatafutana, hasa sauti nzito. Kipimo ni rahisi. Piga E ya chini, weka nobu ya kuchanganya katikati. Besi ikinyong'onyea badala ya kunenepa, mawimbi yanapingana. Makanyagio mengine ya kuchanganya yana swichi ya kuligeuza wimbi tena. Xotic X-Blender ni mfano. Kama huna, badili kanyagio la distosheni.

Vifaa vya dijitali huleta balaa la pili, ucheleweshaji. Njia chafu ikipita kwenye kifaa kinachochelewesha kwa milisekunde moja tu, na njia safi isicheleweshwe, sauti za Hezi 500, 1500, 2500 na kuendelea zitapungua au kutoweka. Sauti inakuwa na mashimo. Hapo tumia nobu ya kuchanganya iliyo ndani ya kifaa chenyewe, kwa sababu ndani yake njia zote mbili huchelewa sawasawa.

Halafu kuna suala la kanisa. Nakuru, kama miji yetu mingi, imejaa wapiga besi waliojifunzia kanisani, na huko besi mara nyingi huchomekwa moja kwa moja kwenye miksa bila ampu ya besi. Distosheni ikiingia hivyo kwenye spika kubwa za ukumbi hutoka kama nyuki ndani ya kopo. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipitishi sana sauti za juu ya Hezi 5,000, na distosheni tunazozipenda kwenye kanda zimepita kwenye spika kama hizo. Spika za ukumbi hazichuji. Basi punguza sauti za juu kwenye njia chafu kabla haijaungana na safi, na upunguze sauti nzito kwenye njia hiyohiyo, chini ya Hezi 200 hivi. Njia safi iache ishike chini peke yake. Ukifanya hayo tu, hata kwa miksa yenye chaneli mbili, waya wa kugawanya na kanyagio la bei nafuu, utakuwa umeshapata karibu yote ambayo kifaa cha bei ghali kingekupa.

Anayeweza kushika chuma cha kuchomea anaweza kujitengenezea. Chipu ya TL072 ina opampu mbili ndani yake: ya kwanza ipokee gitaa na kuligawa, ya pili ijumlishe njia zote mwishoni. Potenshomita moja katikati, soketi za kutokea na kurudi, batri ya volti 9. Saketi hiyo haikati wimbi lolote. Kazi yake ni kugawa na kuunganisha.

Kuhusu kiasi, nina msimamo. Wengi huanza na chafu nyingi kisha huongeza safi. Anza kinyume. Weka besi safi kabisa, bendi yote ipige, ndipo uongeze mkwaruzo mpaka uusikie. Ukishausikia waziwazi ukiwa jukwaani, rudisha nyuma kidogo. Mkwaruzo unaotosha ni ule ambao wasikilizaji hawautambui mpaka uuzime. Wengi wetu pia tunasikiliza muziki kwa simu, na spika ya simu haiwezi kutoa Hezi 41. Hamoniki za mkwaruzo zinaisaidia besi hata hapo: sikio likisikia sauti za juu za mfuatano wa 82, 123, 164 na kuendelea, ubongo huijaza ile ya 41 iliyokosekana. Besi safi tupu kwenye simu hupotea. Besi iliyochanganywa husikika.

Kwa solo, mpigaji wa benga asiogope. Weka safi robo tatu, chafu robo, na upige zile noti mbilimbili kama ulivyozoea. Ile Hezi 114 isiyo na kwao itakuwepo, ila imezamishwa chini ya A na C kali zilizo safi, na mshono unabaki mshono. Sehemu ya mwisho ya wimbo, ile ya mbio, magitaa yanapoachiwa yashindane, ongeza chafu hadi nusu. Rudisha mwimbaji anaporudi.

Vijana wa Gilgil, Nakuru na Naivasha wanaopiga vyombo, ninawaomba kitu kimoja. Msinunue kanyagio lolote la distosheni kabla ya kuuliza kama lina nobu ya kuchanganya na sauti safi, na mkiwa nalo, rekodini benga nalo, na mugithi, na nyimbo za kanisani. Kanda za aina hiyo bado ni chache mno, na hakuna atakayewarekodia.